Hela ya mlangoni: chaneli ya watu 600 inavyolipa Njombe na Makambako

Desemba, mvua zikishakolea, fika stendi ya Makambako, mkoani Njombe, Tanzania, asubuhi uangalie mizigo inayopakiwa kwenye buti za mabasi. Katikati ya viroba vya viazi utaona maboksi yaliyotobolewa matundu ubavuni, majani yakichungulia. Hiyo ni miche ya parachichi. Juu yake pameandikwa kwa kalamu nene jina la mpokeaji, namba ya simu na mahali pa kushushia. Baadhi ya wapokeaji hao hawajawahi kukanyaga Njombe. Kitalu walikiona kwenye simu, wakapiga namba iliyosomwa mwishoni mwa video, wakatuma hela, wakaambiwa basi gani na saa ngapi.

Aliyetengeneza video hiyo huenda hajawahi kupokea hata shilingi moja kutoka YouTube, na bado chaneli inamlipa. Nataka tuifuate hela hiyo hatua kwa hatua, kwa sababu naona vijana wengi wa huku wanazitelekeza chaneli zao mwezi wa sita au wa saba wakidhani wameshindwa, kumbe walikuwa wanasubiri malipo kwenye mlango usio wao.

Tuanze na mlango huo. Tangu mwaka 2018 YouTube inataka chaneli iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo mwenyewe aanze kugawiwa hela ya matangazo. Njia nyingine ni ya video fupi, nayo, badala ya saa hizo, inadai kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Mtazamaji wa kwetu, anayelihesabu bando lake, akikaa na video yako dakika 4, unahitaji kutazamwa mara 60,000 kwa mwaka, yaani mara 5,000 kila mwezi bila kulegea.

Haya, umefika. Tufanye kwamba kila kutazamwa mara 1,000 kunakuingizia dola 1, na dola tuihesabu kwa shilingi 2,500. Kwa kutazamwa mara 5,000 utapata dola 5 kwa mwezi, shilingi 12,500. Google hailipi mpaka salio lifike dola 100, kwa hiyo malipo ya kwanza utayaona baada ya miezi 20. Katikati hapo, salio likifika dola 10, inakuja barua ya posta yenye namba ya kuthibitisha anwani yako, na huku wengi wetu tunatumia sanduku la parokia, la shule au la ofisi ya mtu. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kuanzia mwishoni mwa 2020, YouTube ilijipa haki ya kuweka matangazo hata kwenye chaneli ambazo hazijaingia kwenye mgawo. Ukiona tangazo kwenye video ya mdogo wako mwenye wafuasi 200, usidhani ameanza kulipwa. Hela hiyo haimfikii.

Siilaumu YouTube. Tangazo limetengenezwa kulipa kwa maelfu ya macho, na halijui kwamba mmoja wa watazamaji wako ana ekari moja iliyolimwa na anatafuta miche. Wewe unajua, kwa sababu amekupigia. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Ukipanda parachichi kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, inaingia miche kama 80. Kila mche ukikuachia faida ya shilingi 1,000 tu, mteja huyo mmoja amekupa 80,000, zaidi ya miezi sita ya matangazo kwa hesabu ile ya juu. Chaneli ya watu 600 ikileta wateja wawili wa namna hiyo kwa mwezi wa kupanda, inalisha mtu.

Kulipwa na mtazamaji mwenyewe si jambo geni kwetu. Kabla ya intaneti kufika mikoani, vibanda vya video, wengine waliviita vibanda umiza, vilijaza watu kila jioni. Filamu ilikuwa ya Kichina au ya Kihindi, mfasiri kama Lufufu wa Dar es Salaam aliiingizia sauti ya Kiswahili, na mtazamaji alilipa mlangoni. Hakuna mwenye kibanda aliyemsubiri mwenye tangazo. Kenya nao walipita njia yao, kwa mtaji mkubwa zaidi. Kipindi cha Shamba Shape Up, kilichoanza kurushwa mwaka 2012 na kampuni ya Mediae, kinaingia kwenye shamba la mkulima halisi na kulitengeneza mbele ya kamera, na gharama zake hubebwa na wafadhili na kampuni zinazolipia mada na bidhaa zao zionekane humo. Mwaka 2015 ikaongezwa iShamba, huduma ya ujumbe mfupi na simu, ili mkulima aliyeona kitu kwenye kioo apate mtu wa kumuuliza. Kwangu mimi hiyo simu ndiyo kiini cha kazi yote. Video inaamsha swali, na anayejibu swali ndiye anayelipwa.

Sasa turudi kitaluni, kwa sababu kuna video za miche zinazouza na zipo zisizouza, na tofauti yake inaonekana kwa macho. Isiyouza ina muziki juu, kamera inapepea juu ya safu za viriba, na sauti inasema tuna miche bora. Inayouza inamwonyesha fundi ameshika mche mmoja. Anapima kikonyo cha kubebeshea cha parachichi aina ya Hass na shina la mche wa kienyeji kama unene unalingana. Anachonga kikonyo ubapa pande mbili, anapasua shina, anakichomeka, anafunga kwa nailoni kutoka chini kwenda juu, anaeleza kwa nini maji yakiingia hapo mche umekufa. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, anarudi baada ya wiki kadhaa kwenye mche uleule, wenye alama ileile ya rangi kwenye kiriba, anaonyesha ulivyochipua. Na ule wa jirani uliokufa anauonyesha pia. Mteja wa Tabora ambaye amewahi kuuziwa mche wa kienyeji kwa jina la Hass anaamini mche uliokufa kuliko maneno mia moja ya sifa. Kama kitalu kina cheti cha TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kisomwe mbele ya kamera, herufi zionekane. Kisha namba ya malipo iwe na jina lilelile lililotajwa kwenye video, kwa sababu mtu wa mbali jina likija tofauti kwenye simu yake anasita, na ana haki ya kusita.

Miche lakini ina msimu. Kazi inayolipa mwaka mzima, na ambayo naiona haijachangamkiwa vya kutosha, ni kukagua.

Watu wa Dar es Salaam, Dodoma na hata walioko Uarabuni wananunua mashamba ya miti Njombe. Mwenye hela yuko mamia ya kilomita mbali, muuzaji yuko kijijini, na katikati yupo dalali anayepiga cha juu pande zote mbili. Watu wamelipia msitu wa mtu mwingine kwa picha iliyopigwa kando ya barabara. Hapo mwenye chaneli ndogo anayejulikana sura, jina na mtaa anakuwa na kitu cha kuuza: macho yake. Mnunuzi anamlipa nauli na ada, yeye anakwenda shambani na kurekodi.

Ukaguzi mzuri unakwenda hivi. Video inaanzia kwenye kibao cha ofisi ya kijiji, tarehe ikitamkwa, kisha inatembea bila kukatwa mpaka kwenye mpaka wa shamba. Majirani wa mipaka wanaulizwa, kila mmoja upande wake. Ndani ya shamba anapima mraba wa mita 10 kwa 10 kwa kamba, anahesabu miti iliyosimama ndani yake, na anarudia sehemu tatu au nne tofauti, hasa katikati ambako hakuna anayepita. Misindano iliyopandwa mita 3 kwa 3 inatakiwa iwe kama 450 kwa ekari, kwa hiyo kila mraba uwe na miti 11 hivi. Muuzaji anasema ekari 5, miti 2,250. Ukikuta wastani wa miti 8 kwenye mraba, ekari ina miraba kama 40, ni miti 320 kwa ekari na 1,600 kwa shamba lote. Inapungua 650. Mnunuzi aliyelipa ada ya ukaguzi shilingi 50,000 au 100,000 amepona hasara kubwa, na hatasahau nani alimponya.

Mbao zilizokwisha kupasuliwa zinakaguliwa kwa mtindo huohuo. Mnunuzi anataka kuona futi ikilazwa juu ya mbili kwa nne, kwa sababu mashine za kupasulia ziitwazo ding-dong zikiwa hazijakaa sawa, mbao moja inakuwa nene upande huu na nyembamba upande ule, na fundi wa Dar ndiye atakayeteseka nayo kwenye paa. Dakika moja ya futi inatosha.

Hapa nina msimamo mkali kidogo. Mkaguzi alipwe na mnunuzi peke yake, na alipwe kabla, aone shamba zuri au baya. Akipokea hata elfu kumi ya muuzaji, chaneli yake imekwisha, hata kama itachukua mwaka mmoja watu kujua. Na aseme wazi kila mara kwamba video haichukui nafasi ya serikali ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi hiyo, kwa hiyo muhtasari wa kikao na mihuri vitafutwe palepale.

Nitaje na upepo. Makambako ina upepo unaojulikana nchi nzima, na ndio unaoua sauti za video nyingi za huku kuliko ubovu wa simu. Mtazamaji anavumilia picha yenye ukungu, ila sauti ikivuma hivyo anaiacha. Dawa ni ya bei ndogo: upe upepo mgongo, kipaza sauti kidogo cha waya kifungwe ndani ya sweta au kivishwe kipande cha sufi, na maelezo marefu uyarekodi ukiwa umejikinga nyuma ya ukuta au ndani ya gari. Njombe mjini Juni na Julai ukungu unakaa mpaka saa nne, basi picha za mbali zingoje, asubuhi hiyo ufanye za karibu: mikono, kisu, kikonyo.

Harusi na misiba zina hesabu yake. Wakinga na Wabena wametapakaa, Kariakoo, Mbeya, Songea, na si kila ndugu anapata ruhusa ya kusafiri. Familia inamlipa mpiga video arushe ibada ya mazishi moja kwa moja ili walio mbali wamsindikize mtu wao. Malipo yamekwisha kabla ya kamera kuwashwa. Matangazo hapa hayana nafasi hata kwa mwenye wafuasi wengi, kwa sababu wimbo wa msanii ukisikika ukumbini, mfumo wa YouTube unautambua na mapato ya video yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo. Kwa misiba ningependa tuongeze adabu: video isiwekwe hadharani, apewe kiungo aliyeruhusiwa na familia, na nyuso za wafiwa zisigeuzwe kuwa mtaji wa kuongeza wafuasi.

Madarasa ya kulipia kwenye makundi ya WhatsApp yapo pia, ada ya elfu tano au kumi kwa somo. Yanalipa kwa anayejua kitu kwa kina, na yanakufa haraka kwa anayesoma maelezo ya wengine.

Upande wa serikali, usikwepe. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilikuja 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Anayetangaza habari na matukio anahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kama hujui chaneli yako inaangukia wapi, ofisi ya kanda iko Mbeya, uliza kabla hujaitwa. Kwa kodi, sheria ya fedha ya 2024 iliweka zuio la asilimia 5 kwenye malipo kwa watengeneza maudhui wa mtandaoni. Kampuni ya pembejeo ikikubali kukulipa shilingi 400,000 kwa video, itakata 20,000. Dai hati ya zuio na uitunze, itahesabika TRA, mamlaka ya mapato. Na kama kampuni imekulipa, mwambie mtazamaji kwenye sentensi ya kwanza. Mkulima anayemwaga dawa kwenye viazi vyake kwa neno lako anastahili kujua neno hilo limelipiwa na nani.

Ukiwa na chaneli ndogo Njombe, Makambako, Makete au Ludewa, kabla ya kufikiria kamera mpya nunua kaunta buku. Kila simu inayoingia kutokana na video andika tarehe, mahali anakotoka aliyepiga, alichouliza, na kama alilipa. Baada ya miezi mitatu lifungue usome safu ya maswali. Swali lililojirudia mara nyingi kuliko mengine, hilo ndilo video yako inayofuata, na ndilo la kuliwekea bei.