Kuulisha Ukoka Mchanga

Mwanza haikuumbwa kwa ajili ya tambarare. Anayenunua kiwanja hapa hununua na mawe yake, na kuanzia Bugando hadi Capri Point nyumba zimejibanza kwenye miamba kana kwamba ziliwahi siti. Ndiyo maana kipande cha ukoka mbele ya baraza, laini kiasi cha mtoto kukimbia bila kujikwaa, ni fahari kubwa. Fahari hiyo hupewa mwenye nyumba. Mimi ningempa yule anayefika mwanzoni mwa vuli na toroli, chepe, reki na fagio la chelewa, akaanza kumwaga mchanga juu ya nyasi ambazo mwenyewe ameambiwa azitunze.

Ukoka ukishapandwa, ardhi haitulii. Kifusi cha ujenzi huendelea kutitia kwa misimu kadhaa, mtaro wa bomba hubonyea, mchwa huinua udongo wao, na ng'ombe aliyepotea njia akipita mvua ikiwa imenyesha huacha alama za kwato hadi kiangazi. Mwenye haraka huita vijana wenye sururu, waking'oa kila kitu na kupanda upya. Fundi hang'oi. Hukata nyasi chini kuliko kawaida, hukwangua kwa reki ule uchafu mkavu uliojikusanya kwenye mashina, humwaga mchanga katika mabonde, kisha huufagia huku na huku hadi uzame kati ya majani. Baada ya hapo huuachia ukoka kazi.

Ukoka unaiweza kwa sababu ya jinsi unavyoishi. Shina lake hutambaa juu ya ardhi, jingine hupita chini, na kila kifundo kinachogusa udongo wenye unyevu kinaweza kutoa mizizi na chipukizi. Paspalum, ambayo siku hizi ndiyo kipenzi cha wauza miche, ina tabia hiyohiyo. Ukiifunika kidogo hupanda juu na kushika mizizi mipya, na ardhi imeinuka kwa kiasi kile ulichomwaga. Ukiifunika sana inakosa mwanga na kuoza. Ufundi wote umekaa katika neno hilo, kidogo: sentimita moja kwa mara moja, isizidi, na ncha za majani zionekane kazi ikiisha. Kwa kipimo cha mtaani, ndoo moja ya lita 20 inatosha mita mbili za mraba. Ua wa mita 10 kwa 10 unahitaji mita moja tu ya ujazo, lakini watu huagiza lori zima, na kwa kuwa mchanga umeshalipiwa wanaona lazima uishe. Bonde la sentimita nne linataka awamu nne, nyasi zikipewa nafasi ya kupumua kila baada ya awamu. Nimesikia wenye nyumba wakilalamika kwamba huko ni kupigwa kalenda. Si kweli, mwenye kalenda hapo ni nyasi.

Na kalenda yake huku si ile ya vitabu vya Ulaya na Marekani, vinavyomwambia mtu asubiri baridi ipite. Mwanza, mita zaidi ya 1,100 kutoka usawa wa bahari, haina baridi ya kuulaza ukoka. Kinachoulaza ni kiu. Kumwaga mchanga Julai, majani yakiwa yameshabadilika rangi, ni kuuzika. Fundi husubiri mvua za Oktoba na Novemba, au zile za Machi, nyasi zinapokuwa na nguvu ya kupanda.

Waskoti husimulia kwamba Tom Morris, mtunza viwanja vya gofu vya Prestwick na St Andrews katika karne ya 19, aliugundua ufundi huu baada ya kumwaga toroli la mchanga kwa bahati mbaya. Siwanyimi hadithi yao, ila Ol Doinyo Lengai ilianza zamani zaidi. Mbuga za nyasi fupi kusini mashariki mwa Serengeti zimeota juu ya majivu ya mlima huo na ya Kerimasi, tabaka juu ya tabaka, huku makundi ya nyumbu yakizikata chini. Mwaka 1984 Samuel McNaughton, aliyezichunguza kwa miaka, alieleza jinsi malisho ya makundi yanavyozifanya nyasi za namna hiyo ziwe fupi na zisongamane. Ukoka umelelewa katika maisha hayo ya kuliwa, kukanyagwa na kufukiwa kidogo kidogo. Mzee wa Kisukuma aliyezoea ngitili, malisho yaliyofungwa ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi, ana haki ya kucheka akiona majani yanalishwa samadi na hakuna anayeyala.

Lakini mzee huyohuyo ndiye ningemuuliza kuhusu udongo. Wasukuma waliupa majina kwa kufuata mteremko: isanga na luseni, zenye mchanga, upande wa juu, itogolo, ngumu, chini yake, kisha mbuga, udongo mweusi wa bondeni. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, alipoeleza mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kwenye mteremko kama pete za mnyororo, wakulima wa huku walikuwa wakilima kwa elimu hiyo tangu zamani. Bustani nayo inafuata mnyororo huo. Aliyejenga juu, karibu na mwamba, akimwaga mchanga mtupu anaongeza kiu. Achanganye na samadi iliyooza vizuri. Aliyejenga juu ya mbuga ana nyufa zinazofunguka kiangazi na kumeza atakachomwaga. Naye atumie mchanganyiko uleule kila msimu, maana tabaka za namna tofauti huyazuia maji njiani.

Mchanga wenyewe ni suala. Wa ziwani unavutia, mweupe, na haubebi chumvi kama wa pwani ya Dar es Salaam. Ila kuuchota ufukweni ni kuukata ufukwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na maji yalipopanda mno mwaka 2020 kila mtu aliona ziwa linavyodai eneo lake. Wa mtoni nao huja na ndago. Hapo ndipo utamjua fundi: ataketi kivulini na chekeche, atikise mpaka mchanga uishe, na kokoto zibaki zikirukaruka pamoja na vitunguu vidogo vyeusi, kila kimoja na unyuzi wake. Ataviokota kimojakimoja, atavichoma. Kimoja kikipita, ukoka wa jirani nao umekwisha.

Hatumii sana pima maji. Ua ulionyooka kabisa ni dimbwi, kwa hiyo karibu na msingi wa nyumba huacha ardhi ishuke kama sentimita mbili kwa kila mita. Mabonde huyatafuta mvua ikikatika, akichomeka kijiti kila maji yanapotuama, kisha huvua viatu. Unyayo husikia kibonde ambacho jicho limekipita. Uwanja wa Nyamagana umewekewa nyasi bandia, na hata hizo humwagiwa mchanga ili zisimame. Tofauti ni kwamba mchanga wa Nyamagana unabaki pale ulipowekwa. Huu wa nyumbani utafunikwa baada ya wiki mbili tatu mvua ikiwa nzuri, na hadi hapo fyekeo likae stoo na mpira wa watoto uhamie kwa jirani.