Mlio wa Chungu

Kando ya Mombasa Road, pale Athi River ambapo vumbi la saruji hutua juu ya kila kitu, kuna mama anayeuza vyungu vya Ukambani. Ukikiinua chungu ukikikagua kwa macho, anakupokonya. "Usitazame, mwanangu. Sikia." Kisha anakigonga kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hukohoa. Malori yananguruma hatua chache tu kutoka hapo, na bado sikio lake halikosei.

Kila nikimsikia akigonga, namkumbuka Siti binti Saad.

Wengi tunamjua kwa uimbaji, nayo ni haki yake: mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Lakini kabla ya santuri palikuwa na udongo. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880, wazazi wake wakiwa watumwa, na mtoto wakamwita Mtumwa. Alifinyanga vyungu kama mama yake, akavipeleka mjini kwa miguu, akivinadi kwa sauti njia nzima.

Naamini ushairi wake ulifinyangwa huko njiani. Mchuuzi hana ukurasa. Mnunuzi yumo ndani, chungu chake kipo motoni, mtoto analia; neno lisipopenya dirishani mara ya kwanza, limekwenda na upepo. Atakayelisikia hawezi kurudi nyuma kulisoma tena. Kwa hiyo vina si pambo kwake. Ni vipini, msikilizaji ashikie, aondoke na ubeti mzima bila kuumwaga.

Huko Massachusetts, Marekani, mnamo miaka ya 1910, Amy Lowell, mshairi tajiri wa maktaba kubwa na sigara nene, alikuwa akipanda majukwaani na kuandika akishikilia kwamba ushairi ni sanaa ya kusemwa. Nadhani Siti angeshangaa kwamba jambo hilo lahitaji kutetewa.

Siti alihamia mjini mwaka 1911. Taarabu iliyoheshimika wakati huo ilikuwa ya Kiarabu, ya ikulu na ya wakubwa. Siti na kundi lake wakaimba Kiswahili cha mitaani, na mambo ya mitaani: mapenzi, ndiyo, ila pia dhuluma na mahakama. Katika wimbo "Kijiti", mwanamke ameuawa, muuaji ametoroka, na adhabu imewaangukia wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi. Hakimu alikwisha kufunga kesi. Wimbo uliifungua upya kila ulipoimbwa, mbele ya watu ambao korti isingewauliza lolote. Nani hasa alitunga mshororo upi, yeye au wenzake, halinisumbui sana. Chungu nacho hupita mikono mingi kabla ya kufika motoni. Sikio lililoamua kipi kinalia na kipi kinakohoa, hilo nalitambua.

Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert, mwandishi asiyepoteza wino, alimwandikia wasifu.

Jumamosi iliyopita nilichagua chungu kwa macho, kimoja chekundu, cha mviringo usio na kasoro. Yule mama akakigonga mara moja, akakiweka kando bila hata kunitazama.

"Hicho ni cha kupandia maua."