Chippendale ya Plaiwudi

Kiti cha Chippendale walichobuni Robert Venturi na Denise Scott Brown kitazame kwa mbele kwanza. Mgongo mpana, matundu yaliyokatwa kwa mikunjo kama ya viti vya Uingereza vya karne ya 18. Sasa zunguka, kitazame kwa ubavu. Kumbe ni plaiwudi iliyokunjwa, nyembamba hivi, tabaka zake zinaonekana wazi kwenye kingo.

Kampuni ya Knoll ilivitoa viti hivi mwaka 1984, mitindo tisa, Queen Anne na Art Deco zikiwemo. Knoll hiyo hiyo ilikuwa ikiuza viti vya Mies van der Rohe, mzee wa usasa aliyetaka mapambo yaondolewe. Venturi alikuwa akibishana na Mies tangu miaka ya 60, na hapa akaupeleka ubishi hadi dukani kwake. Baadhi ya viti vilichapishwa nakshi inayoitwa Grandmother: maua hafifu ya kitambaa cha meza, vistari vyeusi juu yake. Yeyote aliyewahi kukaa sebuleni kwa shosho, kwenye kochi lililofunikwa vitambaa vya kufuma, anaielewa bila kusoma nadharia ya usasaleo. Mimi niliacha chuo, nadharia nilizobeba ni chache, na bado maua yale yalinifikia.

Ninachokipenda ni kwamba kiti chenyewe kinakuonyesha uigaji wake. Linganisha na Louis Ghost ya Philippe Starck, ya 2002: umbo la kiti cha zama za Louis XVI, kimemiminwa kwa plastiki angavu, kipande kimoja. Ni kizuri, sikatai. Lakini hapo historia imebaki kama marashi tu. Ndiyo maana viti vya aina hiyo vinakaa vizuri kwenye hema la harusi Nairobi. Vinaenda na rangi yoyote, shughuli yoyote. (Louis mwenyewe alikatwa kichwa 1793. Kiti hakina habari.)

Hata hivyo, nina swali kwa Venturi. Thomas Chippendale alichapisha kitabu cha michoro ya fanicha mwaka 1754, na maseremala wengine wakachonga kutoka humo. Mtindo huo ulienea kwa kunakiliwa. Kwa hivyo ukimcheka fundi wa Ngong Road anayeonyeshwa picha kwa simu na kuambiwa “nitengenezee kama hii”, manze, hujui Chippendale alifikaje kila mahali. Lakini viti vile vya kale vilichongwa kwa mahogani, na mahogani nyingi ilitoka Karibiani, Jamaika ikiwemo, ikikatwa na watumwa. Venturi alipoweka plaiwudi aliondoa fahari, na pamoja nayo akamwondoa aliyeshika shoka. Mzaha ukabaki na umbo peke yake, na nani asiyeweza kucheka umbo?

Gonçalo Mabunda wa Msumbiji naye huazima umbo la zamani, kiti cha enzi. Ila huunganisha silaha zilizokusanywa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoisha 1992. Ukizunguka kukitazama kwa ubavu unakutana na mitutu na maganda ya risasi, na ukitaka kukikalia, hapo ndipo utaegemeza mkono.