Kasulu katika Vitabu vya Uhuru

Kila kitabu kinachosimulia kupigania uhuru kina mlango wake, na mlango huo huchagua watu. Anayepita amesimama wima, akihutubia, huonekana. Anayepita ameinama chini ya mzigo hupita bila kutazamwa. Si lazima mwandishi awe na hila. Aghalabu umbo la kitabu lenyewe hufanya uchaguzi huo kabla kalamu haijagusa karatasi. Makala haya yanakusudia kulipima jambo hilo kwa mahali pamoja: Kasulu, katika nyanda za juu za Buha, mkoa wa Kigoma. Vitabu vya uhuru wa Tanganyika hupataja Kasulu kwa nadra, na vikipataja hupapita mbio. Kusahauliwa ni fungu la sehemu nyingi, wala si ajabu. Linalofaa kuulizwa ni hili: je, majina ya watu wa Kasulu yakiongezwa katika orodha ya mashujaa, upungufu utakuwa umekwisha? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba hautakwisha. Kwa kuwa orodha yenyewe ndiyo iliyo nyembamba.

Yafaa kuanza na urithi. Fasihi ya Kiswahili iliingia katika zama za kudai uhuru ikiwa na chombo kilichokwisha kupevuka kwa kazi ya kusimulia mapambano, nacho ni utenzi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi vya kuitamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Shaaban Robert naye aliacha Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Na vita vinavyotajwa katika jina hilo ni vile vya ulimwengu vya 1939 hadi 1945. Utenzi wa vita hudai majeshi mawili, shujaa na adui, siku ya kushinda na siku ya kushindwa. Uhuru wa Tanganyika, kinyume cha hayo, haukuja kwa mapigano. Ulikuja kwa mikutano, kadi, michango, barua, mashauri mahakamani na kura. Chombo kilichozoea upanga hakikuweza kuibeba kadi ya uanachama bila kuyumba, na mwandishi wa habari hizo alilazimika kutafuta kingine.

Miongoni mwa waliokitafuta mapema alikuwa Saadani Abdu Kandoro. Yeye alikuwa mzaliwa wa Ujiji, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika ulio jirani na Buha. Alikuwa mshairi, na alikuwa mmoja wa watu 17 wanaohesabiwa kuwa waasisi wa TANU katika mkutano wa Julai 1954 mjini Dar es Salaam. Kitabu chake, Mwito wa Uhuru, kilitoka 1961, mwaka uleule nchi ilipojitawala. Sifa yake ya kwanza ni kwamba kimeandikwa na mtu aliyekuwamo, aliyefanya kazi ya chama cha TAA na kisha TANU katika Jimbo la Ziwa. Huko serikali ilikataa kuandikisha tawi la TANU la Mwanza mwaka 1954, na chama kikazuiwa Usukumani mpaka 1958. Sifa ya pili ni kwamba kiliandikwa kwa Kiswahili, lugha ya wale wale waliofanya mambo hayo, wakati vitabu vingi vya baadaye juu yao vilipoandikwa kwa Kiingereza. Wanahistoria wa vyuo vikuu waliokuja nyuma yake wamekitegemea, na hiyo ni heshima ambayo vitabu vichache vya namna yake vimeipata.

Walakini mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Simulizi ya mwanachama huona kwa macho ya chama. Mtu huingia katika simulizi ya namna hiyo kwa kushika cheo, kwa kutia sahihi, kwa kusafiri akitumwa, au kwa kushtakiwa. Jimbo la Ziwa lilikuwa na watu wa namna hiyo kwa wingi: makarani, wafanyabiashara, na viongozi wa vyama vya ushirika wa pamba. Mwito wa Uhuru haukuahidi kuisimulia Buha, wala si haki kukidai kitabu deni ambacho hakikukopa. Kosa, kama lipo, ni la wasomaji waliokuja baadaye, ambao waliigeuza simulizi ya jimbo moja kuwa kielelezo cha nchi nzima. Wakaamini kwamba pasipo karani na jukwaa hapakuwa na harakati.

Kielelezo hicho kimekwisha kusahihishwa mara mbili, kwa njia mbili zisizofanana. Mwaka 1998 Mohamed Said alitoa kitabu chake juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes, akadai kwamba historia iliyotambuliwa rasmi iliwaacha nje watu wa Dar es Salaam, hasa Waislamu, waliokilea chama kabla ya jina la Julius Nyerere kuvuma. Madai hayo yamezua ubishi, na ubishi huo umeifaa nchi. Lakini kwa upande wa umbo, kitabu hicho kinaongeza majina katika orodha ileile. Kipimo chake bado ni nani alianzisha, nani alitoa fedha, nani aliongoza. Mwaka mmoja kabla yake, Susan Geiger alikuwa ametoa kitabu juu ya wanawake wa TANU, Bibi Titi Mohamed akiwa mbele yao. Yeye alibadili swali. Aliwaacha wanawake wasimulie maisha yao, na katika masimulizi hayo ikaonekana kwamba vikundi vya ngoma vya wanawake wa mjini vilikuwa mifereji ambayo siasa ilipita. Hapo ngoma ikawa sehemu ya harakati, ambapo zamani ilihesabiwa kuwa pambo la mkutano. Hata hivyo wasimulizi wake walitoka hasa Dar es Salaam, Moshi na Mwanza. Buha haikufikiwa.

Sasa na itazamwe Kasulu yenyewe. Nyanda hizi zilitoka mikononi mwa Wadachi zikaingia mikononi mwa Wabelgiji mwaka 1916, na 1921 zikakabidhiwa kwa Waingereza. Mpaka na Burundi ulikata njia za watu ambao lugha zao, Kiha na Kirundi, zinasikilizana. Kuanzia 1926 serikali ya Waingereza ilitawala kwa mkono wa wakuu wa kienyeji: Heru na Bushingo upande wa Kasulu, Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo, kila nchi na Mwami wake na watwale chini yake. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuwa na njia nyingi za kupatikana huko. Njia kubwa ilikuwa kwenda kukata mkonge Tanga. Tangu 1944 shirika la wenye mashamba lililojulikana kama SILABU lilikusanya vibarua katika majimbo ya mbali, na Buha ilikuwa moja ya visima vyake vikubwa. Mtu alishuka kutoka milimani mpaka Kigoma, akapakiwa katika garimoshi, akaenda zaidi ya kilomita 1,000 mpaka shambani, ambako alipewa namba na kipande cha kuhesabia siku zake za kazi. Kwa namba hiyo aliitwa manamba, na jina hilo likamfuata nyumbani kama dhihaka.

Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kusimama. Katika miaka ya 1950 mkonge ndio uliokuwa ukiongoza katika mazao yaliyouzwa nje ya Tanganyika. Mfuko wa serikali ulijazwa kwa kiasi kikubwa na mikono ya watu walioitwa kwa namba. Vyama vya wafanyakazi vilipoungana katika shirikisho mwaka 1955, chini ya uongozi ambao ndani yake Rashidi Kawawa alikuwa na nafasi kubwa, na migomo ilipozuka katika mashamba ya mkonge, mathalani ule wa Mazinde mwaka 1958, serikali ilitambua kwamba hoja ya uhuru ilikuwa na nguvu nyingine zaidi ya maneno ya jukwaani. Isitoshe, shambani Mha alikutana na Mmakonde, Mbena na Mnyamwezi, na lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili. Aliporudi Kasulu alirudi na shuka, na fedha ya kodi, na lugha ambayo hotuba za uhuru zilisemwa. Kabla msemaji wa chama hajapanda milima ile, alikuwa amekwisha kupata watu wa kumwelewa.

Itafaa kujihadhari na kosa la pili, ambalo ni kumvika manamba joho la ushujaa baada ya mambo kwisha. Wengi walikwenda Tanga kwa sababu ya kodi na nguo, si kwa sababu ya siasa. Na wapo waliofanya kazi siku zote za mkataba wao bila kugoma hata siku moja. Mwandishi akiwaita wote wapigania uhuru atakuwa amewasifu kwa kuwasingizia. Haki yao ni nyingine: waelezwe jinsi walivyoishi, na msomaji aachwe aone mwenyewe ni wapi maisha hayo yaliigusa siasa ya nchi na ni wapi hayakuigusa. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na kitabu kinachohesabu vyeo.

Ugumu wa kipimo cha kale huonekana zaidi kwa Mwami Theresa Ntare wa Heru. Alikuwa mwanamke aliyekalia kiti cha utawala katika nchi ambayo wakuu wake karibu wote walikuwa wanaume, na nchi ilipovuka kwenda uhuru alikuwa miongoni mwa wanawake wachache walioingia katika Bunge. Kwa mizani ya orodha mtu huyu ni fumbo. Kiti cha Mwami chini ya Waingereza kilikuwa kiungo cha serikali: kilikusanya kodi, kilihukumu, kilitekeleza amri za Bwana Shauri. Papo hapo kilikuwa mahali ambapo raia waliyapeleka malalamiko yao. Mwaka 1957 Gavana Twining aliwakusanya wakuu wa nchi Mzumbe, akitumaini kwamba wangekuwa ngao dhidi ya chama. Tumaini hilo halikudumu. Tena mstari kati ya wakuu na chama haukuwa mnyoofu kama vitabu vinavyopenda kuuchora: Nyerere mwenyewe alikuwa mwana wa Burito, mkuu wa Wazanaki, na Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe akawa waziri.

Mwandishi mwenye safu mbili tu, ya mashujaa na ya vibaraka, atamweka wapi Mwami wa Heru? Akimweka katika safu ya kwanza, itambidi afiche kodi na amri. Akimweka katika safu ya pili, itambidi afiche Bunge. Njia zote mbili ni za kuficha. Walioandika juu ya wakuu mara nyingi wamechagua njia ya tatu, ambayo ni kunyamaza. Na kunyamaza huko kulirahisishwa na sheria, kwa kuwa utawala wa wakuu ulifutwa mwaka 1963 na kiti kikabaki bila mwenyewe wa kukisemea. Lakini riwaya, tamthilia au wasifu mwema ungeweza kufanya kile ambacho orodha haiwezi, yaani kumwonyesha mtu mmoja akishika mambo mawili yanayovutana, na kumwacha msomaji aone uzito wa kila moja.

Mtu aweza kupinga kwamba kudai hivi ni kuivunjia heshima kazi ya waasisi, au kwamba Kasulu haikutoa kiongozi wa kulinganishwa na wale wa Dar es Salaam. Juu ya pingamizi la kwanza, kazi ya waasisi haipungui kwa kuelezwa ilisimama juu ya nini. Juu ya la pili, pingamizi lenyewe lathibitisha hoja: limekwisha kukubali kwamba aliyeunda harakati ni kiongozi peke yake. TANU ilipata viti 70 kati ya 71 katika uchaguzi wa 1960. Chama hakishindi namna hiyo kwa nguvu za wasemaji tu. Hushinda kwa kuwa watu wa mahali pengi, kila mmoja kwa sababu zake, wamekwisha kufika pale msemaji anapotaka kuwapeleka.

Linalotakiwa basi kwa mwandishi atakayeishika Kasulu ni aanze na njia ya kwenda na kurudi Tanga, aweke baraza la Mwami mahali pake pamoja na kodi yake na huruma yake, kisha ndipo alete jukwaa. Asikilize Kiha kabla ya kuandika Kiswahili, maana mengi ya nyumbani yalisemwa kwa Kiha. Tena afanye hivyo upesi. Kijana aliyepanda garimoshi Kigoma mwaka 1950 akiwa na miaka ishirini amekwisha kupita tisini, kama bado yu hai. Barua za chama zimewekwa katika nyaraka na zaweza kungoja. Kumbukumbu za manamba hazina kabati.