Mtumba Uliorudi kwa Mwenyewe

Nianze kwa kukiri, jamani. Riwaya yangu ya kwanza, niliyoiandika nikisubiri matokeo ya kidato cha nne, ilikuwa mtumba mtupu: James Hadley Chase niliyemvua koti na kumpachika jina la Kiswahili. Nikadhani nimeficha mshono. Mhariri mmoja aliuona ukurasa wa pili.

Labda ndiyo maana nguo za Bobby Kolade zimenikamata hivi. Ni mbunifu aliyekulia Kampala, akafanya kazi Ulaya kwenye majumba makubwa ya mitindo, kisha akarudi. Mwaka 2022 alitoa nguo za kwanza za Buzigahill. Malighafi yake ni mitumba ya soko la Owino. Mafundi wanafumua, wanakata, wanaunga upya, halafu nguo inauzwa kule kule ilikotoka. Ameziita "Return to Sender", yaani arudishiwe aliyetuma, kama barua iliyokosa mwenyewe.

Nimeziona kwenye picha tu, lakini hata pichani mshono haufichwi. Fulana nne zinakatwa, zinafanywa moja, na maandishi ya kifuani yanakatikia njiani, nusu neno hapa, nusu pale, kama watu wanne wanaogombania sentensi moja. Tena kila nguo ina lebo iitwayo pasipoti, inayoeleza asili yake. Hapo namvulia kofia. Fulana inajua ilikotoka. Riwaya yangu haikujua.

Kinachonikera ni bei. Anayeinama kuchambua robota pale Owino hawezi kuinunua nguo hiyo. Barua inatuhusu sisi, ila wanaoisoma ni wengine, nasi tunasikilizia dirishani.

Kwa hiyo namweka kando yake José Hendo, mzaliwa wa Uganda anayefanyia kazi zake London. Huyu huchanganya vitambaa vilivyokwisha kutumika na olubugo, nguo ya magome ya mti wa mutuba. Mafundi wa Buganda huambua gome, hulipondaponda kwa nyundo za mbao mpaka litanuke na kulainika, na mti wenyewe hufungwa majani ya mgomba ili uote gome jingine. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi mwaka 2005. Mbele ya gome hilo, kitambaa cha kiwandani kinakaa kama mgeni aliyekaribishwa, na gome ndilo mwenye nyumba.

Kolade anawajibu waliotutupia. Hendo ananiuliza mimi: kabla robota halijafunguliwa, ulikuwa na nini? Kwa kweli swali hili ndilo linaloniuma, kwani hadithi za bibi yangu nilizisikia nusunusu, nikisinzia, na bibi hayupo tena.

Chase wangu bado yuko chini ya kitanda. Juzi nimeanza kumfumua. Hadi sasa nimesalimisha sura moja, ile ya mvua, ambayo nakumbuka ilikuwa ya bibi.