Nozeli ya Saba
Wanaoisifu Mercedes 280E ya umbo la W123, iliyotoka 1976, husahau asubuhi ya Julai kule Marangu. Injini yake ya silinda 6 ina nozeli ya saba, ya baridi tu. Swichi inayohisi joto la maji huiruhusu sekunde chache, kisha huikata. Mfumo huo wa Bosch, K-Jetronic, naupenda: hauna kompyuta. Kinachonikera ni fundi anayeiunga nozeli dairekti na starta. Marangu gari huwaka, ndiyo. Likishuka Moshi mjini, likizimwa likiwa la moto, kila starta ikipigwa plagi hulowa petroli. Angeanza na taa ya kupimia kwenye soketi ya nozeli, injini ikiwa baridi. Isipowaka, ashuku swichi au waya. Ikiwaka, nozeli yenyewe huenda imeziba.