Habari Isiyo na Sanadi: Mitandao ya Kijamii Katika Mizani ya Elimu ya Hadithi

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Mwaka 1908, muda mfupi baada ya kuzimwa vita vya Maji Maji, ilienea barua katika pwani ya kusini ya Tanganyika, hasa Lindi, wakati nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Watu waliiita barua ya Makka. Ilikuwa ya namna ya ule wasia mashuhuri unaonasibishwa na Sheikh Ahmad, mhudumu wa Msikiti wa Mtume, anayedai kumuona Mtume (s.a.w.) katika ndoto. Serikali ya Kijerumani iliingiwa na hofu ya uasi mpya kwa sababu ya karatasi ambayo hakuna aliyeweza kumleta mwandishi wake.

Wasia huo haukufa. Sheikh Muhammad Rashid Rida aliujibu katika jarida lake la Al-Manar, na Sheikh Abdul-Aziz bin Baz akaandika risala ya kuubatilisha. Siri ya umri wake mrefu imo ndani yake wenyewe: mwenye kuunakili na kuupeleka mji hadi mji ameahidiwa kasri Peponi, na mwenye kuuzuia ametishiwa kukosa shufaa. Leo hauhitaji kalamu wala karatasi. Unaingia katika simu zetu ukiwa na agizo lile lile, tuma kwa watu kumi, na mara nyingi anayetutumia ni mtu wa safu ya kwanza msikitini.

Tumeona tuianzie hapo makala hii ili tuepuke kosa la kudhani kwamba maradhi haya yameletwa na simu. Maradhi ni ya zamani. Simu imeyapa miguu na mbawa, na sisi tumeacha dawa tuliyorithi.

UMMA WA ISNADI

Hakuna umma uliojishughulisha na swali la "nani amekwambia?" kama umma huu. Imepokewa kutoka kwa Ibn Sirin kwamba watu hawakuwa wakiuliza juu ya isnadi mpaka ilipotokea fitina, ndipo wakaanza kutaka majina ya wapokezi. Na Abdullah bin al-Mubarak aliihesabu isnadi kuwa ni sehemu ya dini yenyewe. Jabir bin Abdillah (r.a.) alisafiri mwendo wa mwezi mzima hadi Sham ili aisikie hadithi moja kwa Abdullah bin Unays (r.a.). Hadithi ilikwishamfikia, lakini alitaka kuisikia kwa aliyeisikia.

Tuulinganishe mwendo huo na wetu. Jabir alitumia mwezi mmoja kuhakikisha hadithi moja, na sisi tunasambaza hadithi thelathini kabla ya chai ya asubuhi. Imam Muslim ameiweka katika utangulizi wa Sahihi yake ile hadithi ambayo maana yake ni kwamba inatosha kuwa uongo kwa mtu kuzungumza kila alichokisikia. Hadithi hiyo haikusema kila alichokibuni.

ILA TATU ZA HABARI ZA MTANDAONI

Tukiipima habari ya mitandaoni kwa mizani ya wanazuoni wa hadithi, tunakuta ila tatu zilizo wazi.

Ya kwanza ni ujinga wa mpokezi. Ujumbe unaposambazwa kwa WhatsApp, jina la aliyeuandika mwanzo haliendi nao. Tangu mwaka 2018 kampuni imeweka alama ya kuonyesha kuwa ujumbe umesambazwa, lakini alama hiyo haisemi umetoka kwa nani. Mpokezi wa mwanzo ni majhuli, na baina yake na sisi wameanguka watu ambao hatujui idadi yao. Sanadi ya namna hii haina hata jina la kujadiliwa.

Ya pili ni tawaturi ya uongo, na hii ndiyo inayowahadaa hata wenye elimu. Mtu anaiona habari katika makundi kumi, akasema: haiwezekani watu wote hawa waseme uongo. Amesahau masharti ya mutawatir aliyoyasoma madrasa. Wingi unatakiwa katika kila tabaka, tangu mwanzo wa sanadi hadi mwisho wake, na asili ya habari iwe ni jambo lililoonekana au kusikiwa. Habari iliyotoka kwa mtu mmoja ikarudiwa na laki moja bado ni habari ya mtu mmoja. Makundi kumi ni mabomba kumi ya kisima kimoja.

Ya tatu ni kuhamishwa matini. Picha ni ya kweli, lakini maelezo yake ni ya tukio lingine. Au maneno ya sheikh yamekatwa mwanzo na mwisho, ikabaki sentensi moja inayoonekana kama kufuru. Maulamaa wetu waliita ziada iliyoingizwa katika matini kuwa ni idraji, na wakatunga vitabu kuifichua.

DAMU ILIYOMWAGIKA

Asije mtu akasema kuwa haya ni mambo ya darasani. Mwezi Julai 2014, katika mji wa Mandalay nchini Myanmar, ilienezwa kwa Facebook tuhuma kwamba Waislamu wenye duka la chai wamembaka mwanamke wa Kibudha. Ghasia zikazuka na watu wawili wakauawa, mmoja Muislamu na mmoja Mbudha. Baadaye ikabainika kuwa tuhuma ilikuwa ya kutunga. Miaka mitatu baadaye, kuanzia Agosti 2017, Warohingya zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh. Machi 2018 mwenyekiti wa tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa, Marzuki Darusman, alisema mitandao ya kijamii ilikuwa na nafasi kubwa katika kueneza chuki hiyo. Mwaka huo huo Facebook ilikiri kwamba haikufanya ya kutosha.

Kwetu Afrika Mashariki, Wakenya waliyaonja haya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, pale ujumbe mfupi wa simu ulipotumika kuchochea kabila dhidi ya kabila na watu zaidi ya 1,100 wakauawa. Na huko Ethiopia, mwaka 2021, mhadhiri wa chuo kikuu aliuawa baada ya kuchafuliwa jina katika Facebook. Kesi iliyofunguliwa juu ya jambo hilo iko Nairobi, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa ina mamlaka ya kuisikiliza.

Lakini insafu inatutaka tuseme na lililo upande wetu. Katika mwaka 2012 ilienea miongoni mwa Waislamu picha ya watawa wa Kibudha wamesimama mbele ya safu za maiti, ikasemwa kuwa hao ni Waislamu waliouawa Burma. Picha hiyo ilikuwa ya tetemeko la ardhi lililotokea eneo la Watibeti nchini China mwaka 2010, na watawa wale walikuwa wakihudumia maiti wao. Dhulma ya Warohingya ilikuwa ya kweli, haikuhitaji picha ya uongo. Tulipoieneza tuliwapa wenye kukanusha dhulma hoja ya bure, wakasema: mnaona, hata picha zao ni za kughushi. Kadhalika tuliwasingizia watu waliokuwa katika msiba. Haki hainusuriwi kwa batili, na aliyedhulumiwa hudhulumiwa mara ya pili anaposemewa uongo.

HUKUMU YA MSAMBAZAJI

Wapo wanaosema: mimi sikutunga, nimepeleka tu kama nilivyopokea. Jibu la hoja hii liko katika kisa cha Ifki, pale Mama wa Waumini Aisha (r.a.) aliposingiziwa. Chimbuko la fitina alikuwa Abdullah bin Ubayy. Lakini vitabu vya sira vinawataja Hassan bin Thabit, Mistah bin Uthatha na Hamna bint Jahsh miongoni mwa walioizungumza, nao hawakuwa wanafiki. Mistah alikuwa miongoni mwa watu wa Badri. Riwaya za Sunan zinaeleza kwamba walipigwa hadi ya kashfa. Hawakuitunga habari ile, waliipokea na kuipitisha.

Aya za Suratun-Nur zilizoteremka katika kisa hiki zinawalaumu walioipokea habari kwa ndimi zao na wakaiona kuwa jambo dogo, ilhali mbele ya Allah ni kubwa. Mfano mwema ni wa Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) na mkewe: walipoisikia waliulizana kama wao wenyewe wangeweza kulifanya jambo hilo, wakasema hapana, basi wakajua kuwa Aisha yuko mbali nalo zaidi, na habari ikaishia nyumbani mwao. Ukiongeza amri ya kubainisha habari ya fasiki katika Suratul-Hujurat, aya ya 6, na amri ya kurejesha habari za amani na hofu kwa wenye mamlaka katika Suratun-Nisaa, aya ya 83, utaona kuwa kusambaza ni kitendo chenye hukumu yake, na kidole kina hesabu kama ulimi.

JE, CHOMBO HAKINA LAWAMA?

Wengine husema mtandao ni kama kisu: hukata nyama na huua. Kanuni ya kwamba njia huchukua hukumu ya makusudio tunaikubali. Lakini kisu hakimchagulii mtu nini cha kukata. Nyaraka za ndani za Facebook zilizofichuliwa mwaka 2021 zilionyesha kuwa kuanzia 2017 alama ya hasira ilipewa uzito mara 5 ya alama ya kupenda katika kuamua watu waonyeshwe nini. Maana yake, kinachokasirisha kilipewa mbele. Chombo kinachopata faida kwa ghadhabu yetu hakiwezi kuitwa kisu kilicholala mezani.

Wala hatusemi simu zitupwe. Kwa simu hizo hizo darsa zinawafikia wagonjwa na mama waliofungwa na malezi. Na dalili kwamba hali inatibika ipo: Aprili 2020 WhatsApp ilipozuia ujumbe uliosambazwa sana usitumwe ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa wakati mmoja, kampuni ilieleza kuwa usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Kikwazo kidogo tu kimezuia mengi. Basi itakuwaje kikwazo kikiwa ni taqwa?

NASAHA KWA MAIMAMU NA WANAFUNZI

1. Imamu asisome mimbarini hadithi iliyomfikia kwa simu mpaka aione katika kitabu pamoja na hukumu yake. Al-Sakhawi na al-Ajluni wameandika juu ya hadithi zilizoenea katika ndimi za watu. Vitabu hivyo viwe karibu na meza.

2. Mwezi mwandamo usitangazwe kwa ujumbe usio na mwenyewe. Kuonekana kwa mwezi ni ushahidi. Katika riwaya ya bedui aliyekuja na habari ya mwezi, ambayo wanazuoni wameizungumzia sanadi yake, Mtume (s.a.w.) alimuuliza kwanza juu ya shahada yake. Yeye alisimama mbele yake na uso wake ulionekana. Ujumbe usiku wa tarehe 29 hauna uso.

3. Habari inayogusa heshima ya mtu, hata ikiwa ya kweli, haisambazwi. Ya kweli ni ghiba na ya uongo ni buhtani. Hakuna mlango wa tatu.

4. Aliyesambaza uongo aukanushe katika makundi yale yale alikoupeleka. Toba ya haki za watu haikamiliki kwa kufuta ujumbe kimya kimya.

5. Wasimamizi wa makundi ya misikiti waulize kila anayeleta habari swali la wazee wetu: nani amekwambia? Akishindwa kujibu, habari iondolewe.

Tulirithi elimu iliyowapima watu waliokufa zamani, mmoja mmoja, kwa majina yao, ili neno moja la Mtume (s.a.w.) lisichanganyike na uongo. Ni aibu kwa warithi wa elimu hiyo kuwa wepesi wa watu kuamini ujumbe usio na baba. Tunamuomba Allah (s.w.t.) azihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu, na awanusuru wanyonge waliodhulumiwa kwa uongo wa watu. Amin. Wallahu a'lam.